Kumtafuta Babu kwenye Ramani za Kale

Mafuriko ya Mto Rufiji ya mwaka 1968 yalifuatwa na kazi kubwa ya serikali iliyoitwa Operesheni Rufiji. Kaya zilizokuwa zimetawanyika bondeni, kila moja karibu na shamba lake la mpunga, zilihamishiwa kwenye vijiji vipya sehemu za juu ambako maji hayafiki. Watu waliendelea kushuka bondeni kulima na kuwinga ndege wakiwa kwenye madungu, lakini makazi yao yakahesabiwa kwingine. Leo mjukuu aliyekulia Temeke akiulizwa kwao ni wapi hutaja kijiji cha juu, na hasemi uongo: ndiko anakokwenda msibani, na ndiko walikozikwa shangazi zake. Babu yake, hata hivyo, alizaliwa kwenye kitongoji ambacho jina lake halimo tena kwenye orodha yoyote ya serikali.

Hali hiyo haiko Rufiji peke yake. Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo ikamilike kufikia mwisho wa 1976. Mamilioni ya watu walihama katika kipindi hicho kifupi. Dodoma na Kigoma walikuwa wametangulia. Kenya nako, wakati wa hali ya hatari, watu zaidi ya milioni moja wa Mkoa wa Kati walikusanywa kwenye vijiji vilivyolindwa kati ya 1954 na 1955. Nusu karne nyuma zaidi, mikataba ya 1904 na 1911 iliwatoa Wamaasai kwenye malisho ya Bonde la Ufa na Laikipia, wakasukumwa kusini. Kwa hiyo mtu wa Afrika Mashariki anayetafuta asili ya ukoo wake hukutana mapema na ugumu ambao vitabu vingi vya nasaba, vilivyoandikwa kwa ajili ya nchi zenye rejesta za kanisa za miaka 400, havijui la kuufanya: jina la mahali analo, mahali penyewe hapaoni.

Hapa ndipo ramani ya kale inapofaa. Kwa kawaida haitaji jina la babu. Inachoweza kufanya ni kukirudisha kijiji kwenye ardhi yake, kando ya mto wake na chini ya kilima chake, ili maswali anayoulizwa mzee yawe na pa kushika.

Kazi huanza kwa mzee, kabla ya ramani yoyote kufunguliwa. Wengi hufanya kinyume: hupakua picha ya ramani ya Kijerumani, huzungushia jina linalofanana na lile walilolisikia utotoni, kisha huenda kumwonyesha bibi ili akubali. Bibi hukubali, kwa heshima na kwa upendo, na kosa huingia kwenye historia ya ukoo likakaa humo. Mzee asiulizwe mahali panaitwaje tu. Aulizwe maji yalichotwa wapi, na mtoni palikuwa mbali kiasi gani kwa miguu. Jua lilichomoza upande wa kilima gani. Gulio lilikuwa siku gani na lilifanyika kwa nani. Walipokwenda kulipa kodi walipita wapi, na walilala njiani au walirudi siku hiyo hiyo. Padri au mwalimu wa chuo alitoka upande upi. Jumbe alikuwa nani, na akida wake alikaa wapi. Majibu ya maswali haya yanaweza kulinganishwa na ramani, kwa sababu mito, vilima na vivuko vimebaki pale pale hata vijiji vilipohama.

Ni vizuri kumrekodi mzee kwa simu, kwa ruhusa yake, akiwa anachora mchangani au kwenye karatasi. Mchoro wa mzee ni ramani ya kale nao, na mara nyingi una vitu ambavyo mpimaji hakuviona: mpaka wa shamba la kaka mkubwa, mkwaju wa mkutano, makaburi ya watoto.

Kwa Tanzania Bara, Rwanda na Burundi, karatasi za kwanza za kutafuta ni zile za Wajerumani. Mfululizo mkubwa ni wa skeli ya 1:300,000, ambapo sentimita moja ni kilomita tatu. Ulianza kutolewa miaka ya 1890 chini ya Richard Kiepert, ukaendelezwa na Paul Sprigade na Max Moisel, ukachapwa Berlin na kampuni ya Dietrich Reimer. Ni kazi ya kushangaza kwa wingi wa majina. Lakini imejengwa juu ya njia: maofisa, wamisionari na wasafiri waliandika waliyoyaona kando ya njia walizopita, wakahesabu saa za mwendo, na wachoraji wa Berlin wakaunganisha. Karibu na njia ya msafara kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji majina yamebanana. Siku moja pembeni mwa njia, karatasi ni nyeupe. Weupe huo una maana moja tu, kwamba mpimaji hakupita huko. Ukoo ambao kijiji chao hakionekani wasikate tamaa, na wasikubali kuambiwa kwamba eneo hilo halikuwa na watu.

Tahajia ndiyo inayowafukuza wasomaji wengi, na bure, kwa sababu kanuni zake ni chache. Sauti ya "sh" iliandikwa sch, "ch" ikawa tsch, "j" ikawa dsch au dj, "y" ikawa j, "v" mara nyingi ikawa w, na "z" ikawa s. S ya kawaida wakati mwingine iliandikwa mara mbili. Ndiyo maana Bagamoyo inaonekana kama Bagamojo, Mwanza kama Muansa, Arusha kama Aruscha, Songea kama Ssongea, Ujiji kama Udjidji. Anayetafuta kijiji cha Vuga huko Usambara atafute Wuga. Njia bora ni kuliandika jina la kijiji kwa kila namna ambayo sikio la Mjerumani lingeweza kulisikia, kisha kuibeba orodha hiyo nzima kwenye ramani.

Vituo vya serikali vina ugumu mwingine: vingine vilipewa majina ya kigeni kabisa. Wilhelmstal ni Lushoto. Neu-Langenburg ni Tukuyu, Bismarckburg ni Kasanga ya Ziwa Tanganyika, na kwenye Ziwa Nyasa Sphinxhafen ni Liuli na Wiedhafen ni Manda. Cheti cha ubatizo cha 1910 kinachotaja Wiedhafen hakimpeleki mtu Ulaya. Kenya nayo ina ya kwake: Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Broderick Falls ni Webuye, na Port Florence ni Kisumu.

Halafu kuna jambo ambalo linastahili kuzingatiwa kuliko yote kwenye ramani za wakati huo. Majina mengi ya vijiji yalikuwa majina ya watu. Mpimaji aliuliza "hapa wapi?", akajibiwa "kwa fulani", akaandika. Jumbe alipofariki au kuhama na watu wake, jina lilikufa au likahama naye, na ramani ya miaka 15 baadaye ikaonyesha kijiji kingine mahali pale pale, au kijiji kile kile kilomita kumi mbele. Kwamtoro ya Chemba na Kwamkono ya Handeni ni mifano ya majina ya jinsi hiyo yaliyobaki hadi leo. Kwa mtafuta ukoo hii ni bahati kubwa. Jina la kijiji lililopotea laweza kuwa jina la mzee wa ukoo wenyewe, au la mjomba wake, au la mtu aliyewapokea walipokuja kama wageni. Kabla ya kulitafuta jina hilo kwenye ardhi, mzee aulizwe kama kulikuwa na mtu aliyeitwa hivyo.

Ramani za Waingereza ni za aina nyingine. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia walichapa upya karatasi za Kijerumani kwa matumizi ya jeshi, na kwa muda mrefu hawakuwa na kitu bora zaidi kwa sehemu kubwa ya Tanganyika. Mabadiliko yalikuja baada ya 1946, ilipoundwa London idara ya upimaji wa makoloni chini ya Martin Hotine. Ndege za jeshi la anga la Uingereza zilipiga picha maeneo makubwa ya Kenya na Tanganyika, na kutokana na picha za angani za wakati huo na za miaka iliyofuata zikachorwa ramani za 1:50,000. Kwenye ramani hizi sentimita mbili ni kilomita moja, na karatasi moja hufunika mraba wa kilomita 27 hivi kila upande. Zinaonyesha nyumba moja moja kama vidoti, pamoja na visima, shule, makanisa, misikiti, majosho na njia za miguu.

Karatasi za 1:50,000 ndizo hazina kubwa kwa familia zilizohamishwa Tanzania, kwa sababu nyingi zilichorwa kutokana na picha zilizopigwa kabla ya vijiji vya ujamaa. Lakini lazima pambizo isomwe. Kule chini, kwa herufi ndogo, huwa kumeandikwa mwaka wa picha za angani, mwaka wa kuhakiki majina uwandani na mwaka wa kuchapwa, na miaka hii yaweza kupishana sana. Karatasi iliyochapwa miaka ya 1980 yaweza kuwa inaonyesha nyumba zilizopigwa picha miaka ya 1960. Mtu asiyesoma pambizo huitupa akidhani ni ya baada ya uhamisho, kumbe ndani yake mna kitongoji kizima cha babu yake.

Picha zenyewe za angani zina utajiri kuliko ramani iliyotokana nazo. Mchoraji alilazimika kuchagua cha kuonyesha, kamera haikuchagua. Mstari wa miembe, duara la boma la ng'ombe, ua wa minyaa, njia nyeupe iliyokanyagwa hadi kisimani: yote yamo. Mkusanyo mkubwa wa picha za idara ile ya London sasa umehifadhiwa na taasisi ya NCAP mjini Edinburgh, Scotland. Anayeagiza hutakiwa kujua eneo lake kwa digrii za latitudo na longitudo, kwa hiyo kazi ya ramani hutangulia, picha hufuata.

Si kila ramani ina tarehe. Zilizochorwa kwa mkono, na zile zilizokatwa vitabuni, mara nyingi hazina. Reli husaidia hapa. Ujenzi wa Reli ya Kati ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Ramani inayoonyesha reli ikiishia Morogoro, basi, inaeleza hali ya miaka michache tu inayojulikana. Reli ya Uganda iliondoka Mombasa 1896, ikafika Nairobi 1899 na Kisumu 1901. Kipimo hicho hicho hufaa kwa maneno ya wazee: aliyezaliwa "reli ilipoingia Tabora" amepata mwaka wake, na mtafutaji amepata mwaka wa kuchagua ramani.

Mashamba ya mkonge nayo yasisahaulike. Mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893, na kwa miongo mingi mashamba ya Tanga na Morogoro yalivuta manamba kutoka Kigoma, Songea, Rwanda na Burundi. Familia nyingi za Muheza na Korogwe zina babu aliyefika kwa mkataba na hakurudi. Ramani za enzi za Waingereza hutaja mashamba kwa majina, na nyingine huonyesha hata kambi za wafanyakazi. Kwa familia hizo ramani zinahitajika mbili: ya shamba, na ya nyumbani alikotoka, na mara nyingi kinachoziunganisha ni jina la mtemi au la mto ambalo babu aliwaimbia watoto.

Mipaka ya utawala huamua karatasi za familia ziko kwenye kabati la nani, na watu hupoteza muda mwingi kwa kutolijua hilo. Mpaka 1902, nchi ya Kisumu hadi Naivasha ilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda. Barua na ramani za kabla ya hapo zitafutwe chini ya jina la Uganda. Jubaland ilikuwa ya Kenya hadi ilipokabidhiwa Italia mwaka 1925. Pembetatu ya Kionga, kusini mwa Mto Ruvuma, ilikuwa ya Wajerumani na baada ya vita ikaingia Msumbiji, hivyo ukoo wa Mtwara waweza kuwa na kumbukumbu zake kwa Kireno ng'ambo ya mto. Mtafutaji achukue ramani mbili au tatu za utawala za miaka tofauti, aangalie kijiji kilikuwa wilaya gani kila wakati, ndipo aende kuomba majalada.

Mjini ramani ni za mitaa na viwanja, na kazi yake ni tofauti. Nahodha Mfaransa Charles Guillain, aliyefika Zanzibar 1846, aliacha ramani ya mji uliozungukwa karibu pande zote na maji. Mkono wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo ulikuja kufukiwa baadaye, na barabara ya Creek, sasa Benjamin Mkapa, inafuata ukingo wake. Mipango ya mji ya Lanchester ya 1923 na Kendall ya 1958 inaonyesha Ng'ambo kabla ya majumba ya Michenzani kujengwa juu ya mitaa ya zamani miaka ya 1970. Mtu ambaye bibi yake aliishi pale majumba yalipo sasa anahitaji ramani hizo, pamoja na kitabu cha Ng'ambo Atlas kilichotolewa 2019, ili aweze kuuliza nani alikuwa jirani.

Pwani pana hazina nyingine ambayo haifanani na ramani kwa macho. Hati za zamani za mauzo ya mashamba na za wakfu, zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, hutaja mipaka minne kwa kuwataja majirani: kibla kuna shamba la fulani bin fulani, mashariki kuna njia, na kadhalika. Akichora hati tano za mtaa mmoja kwenye karatasi moja, mtafutaji hupata ramani ya koo zilizoishi pamoja, yenye majina ya baba na babu. Kwa pwani ya Kenya, sheria ya hatimiliki ya 1908 iliwataka wenye ardhi kuja kudai na kueleza waliipataje, na madai hayo yaliambatana na michoro ya wapimaji. Familia za Mombasa na Malindi zianzie hapo kabla ya kwenda mbali.

Pamoja na sifa zote hizi, ramani nayo hukosea, na kosa mashuhuri kuliko yote la eneo hili lina funzo la moja kwa moja. Miaka ya 1855 na 1856 wamisionari Jakob Erhardt na Johannes Rebmann walitangaza ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Hawakulibuni. Walikuwa wamesikiliza wasafiri wa misafara kwenye miji ya pwani, na kila mmoja alisema kweli: njia yake iliishia kwenye maji mengi. Mmoja alikuwa ameliona Ziwa Viktoria, mwingine Tanganyika, mwingine Nyasa; Erhardt na Rebmann wakaziunganisha habari zote kuwa ziwa moja. Wanaotafuta ukoo hufanya vivyo hivyo wanaposikia "Majengo" au "Mtakuja" au "Kibaoni" kutoka kwa wajomba watatu na kuamua ni kijiji kimoja. Majina hayo yako kila wilaya. Kabla ya kuunganisha, kila msimulizi awekewe alama yake kwenye ramani, kwa rangi yake, na rangi zikutane zenyewe kwenye mto au kilima kile kile.

Pa kuzipata ramani hizi ni pengi kuliko inavyodhaniwa. Dar es Salaam kuna Nyaraka za Taifa zilizoko Upanga, zenye majalada ya Wajerumani na Waingereza, na mkusanyo wa East Africana kwenye maktaba ya Chuo Kikuu, Mlimani. Ramani za 1:50,000 huulizwa kwenye idara ya upimaji na ramani ya Wizara ya Ardhi. Zanzibar kuna Nyaraka, Kilimani. Nairobi kuna Makavazi ya Kitaifa, Moi Avenue, na ofisi ya upimaji ya Ruaraka. Kila mahali pana masharti yake ya kibali na ada, na ni busara kuyauliza kabla ya kupanda basi. Walio mbali watazame kwenye intaneti: Maktaba ya Uingereza imeweka wazi zaidi ya karatasi 500 za jeshi za Afrika Mashariki za kati ya 1890 na 1940, maktaba ya taifa ya Berlin ina za Kijerumani, na mkusanyo wa David Rumsey wa Chuo Kikuu cha Stanford una ramani nyingi za bara zima. Tovuti ya Old Maps Online husaidia kutafuta kwenye maktaba nyingi kwa mara moja.

Ramani ikishapatikana huwekwa juu ya picha ya setilaiti, kwa Google Earth au programu ya bure ya QGIS, kwa kufunga pointi zisizohama: makutano ya mito, kilele cha kilima, daraja la reli, kanisa la zamani. Kwa karatasi ya Kijerumani zifungwe pointi nyingi karibu na kijiji chenyewe, maana umbali uliohesabiwa kwa saa za mwendo hupinda. Kwa zile za 1:50,000 tahadhari ni moja: nyingi zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati simu hutumia WGS84, na tofauti yake ni takriban mita 300. Asiyejua atasimama kwenye shamba la mtu mwingine akitafuta kaburi la bibi yake.

Na kusimama kwenye shamba la mtu ni jambo la kuchukuliwa kwa uzito. Mgeni mwenye ramani ya kale mkononi hutisha, kwani wenyeji wengi wamewahi kuona ramani zikitangulia kunyang'anywa ardhi. Tanzania ardhi ya kijiji iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa sheria ya 1999, kwa hiyo safari huanzia ofisi ya kijiji, barua mkononi na mzee wa ukoo mbele, na lengo lisemwe wazi: kuona mahame, kuzuru makaburi, kuandika majina. Akifika, mtafutaji achukue vipimo vya kila kaburi na kila mti unaotajwa, apige picha akiwa na wenyeji, aandike nani amesema nini na tarehe. Nakala ya ramani hiyo mpya, yenye majina yote, iachwe kijijini na nyingine igawiwe kwa kila mlango wa ukoo, karatasi kabisa, kwa sababu simu hupotea na wazee wengi hawana.